Salamu Iliyokosa Marahaba

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kiti.

Kiti cha nani?

Cha Jumbe.

Na miguu ya Jumbe ilikuwa wapi?

Ilikuwa chini, kama yako na yangu.

Basi hapo kale, katika kijiji cha Mitondooni, watu walikusanyika uwanjani kumpa Jumbe wao jina la Shujaa.

Waliokuwepo siku hiyo ni hawa. Alikuwepo Jumbe Shekue mwenyewe, amekaa kitini, kilemba kipya kichwani. Alikuwepo Manju Kitojo, mtunga nyimbo za ngoma, ambaye hakuwahi kulala njaa tangu aanze kumsifu Jumbe. Alikuwepo Mwanamtama, mjane, msuka mikeka, pamoja na binti yake Kibibi, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele. Alikuwepo jirani yao Mwanjaa na mwanawe Chande, mtoto mtundu kuliko wote. Walikuwepo wanaume na mikuki yao, na wanawake na masufuria yao. Na nyuma kabisa, karibu na zizi la mbuzi, alikuwepo mzee mmoja mwenye mvi na mkongojo, ambaye hakuna aliyemjua.

Watu wa upande huu walidhani ni mgeni wa watu wa upande ule. Watu wa upande ule walidhani ni mgeni wa watu wa upande huu. Na mgeni haulizwi jina kabla hajala. Basi wakamletea sahani ya wali na nyama. Akaitazama.

"Ugali hakuna?" akauliza.

"Leo ni wali, babu. Ni sherehe."

Akairudisha sahani, hakugusa hata punje.

Jumbe Shekue aliitwa Shujaa kwa sababu aliua chui. Kusema kweli, chui yule alikuwa mzee, hana meno, tena alikuwa amekwisha kunasa mtegoni. Lakini wimbo wa Manju Kitojo haukuutaja mtego. Uliimba hivi:

*Shekue, simba wa nyika,*
*Chui kamwona kalia,*
*Mikuki kenda ya nini,*
*Jicho lake latutosha.*

Msidhani Jumbe alikuwa mtu mbaya. Mwanamtama alipofiwa na mumewe, Jumbe alikuja kumwezekea paa kwa mikono yake mwenyewe, na hakungoja kushukuriwa. Lakini hiyo ilikuwa zamani kidogo, kabla ya wimbo. Mtu akiimbwa sana masikio yake hujaa.

Basi Mwanamtama akampa Kibibi kata ya maji ampelekee Jumbe. Kibibi akaenda, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, Jumbe."

Jumbe alikuwa na tonge mkononi na sikio kwenye wimbo. Hakuitika.

Kibibi akasema tena, "Shikamoo, Jumbe."

Tonge likaenda mdomoni. Hakuitika.

Kibibi akasema mara ya tatu, "Shikamoo, Jumbe."

Jumbe akatikisa kichwa kufuata ngoma. Hakuitika.

Mtoto akaiweka kata chini, akarudi kwa mama yake. "Mama, Jumbe hakuitika."

"Hakusikia, mwanangu. Ngoma ina kelele."

Watu walipoanza kutawanyika, Kibibi alipita karibu na zizi. Yule mzee akamwita kwa sauti ya upole.

"Mjukuu wangu, una salamu mdomoni ambayo imekosa mwenyewe. Si vizuri kurudi nayo nyumbani. Nipe mimi."

Kibibi alikuwa mtoto aliyefunzwa. Akasema, "Shikamoo, babu."

Mzee hakusema marahaba. Alisema, "Nimeishika."

Papo hapo miguu ya Kibibi ikakamatwa. Mzee akipiga hatua, naye anapiga hatua. Mzee akisimama, naye anasimama. Mwanamtama akakimbia, akamshika mwanawe mkono, akavuta. Ilikuwa kama kuvuta mzizi wa mti.

Mzee akageuka. Mdomo wake ukafunguka kutoka sikio hadi sikio, na ndani yake meno yalikuwa kama mapanga. Kumbe ni Zimwi.

"Usimvute, mama, utamng'oa miguu bure," Zimwi akasema. "Na usiogope leo. Mimi sili kitoweo bila ugali, na mtama wangu bado mchanga."

Akapanda zake Kilima cha Mawe, na Kibibi nyuma yake.

Kijiji kizima kikalia. Jumbe Shekue akasimama juu ya kiti akaapa kwamba atamwua Zimwi. Tangu hapo hakutoka barazani. Kutwa alishauriana na wanaume namna ya kumwua.

Siku moja Mkunde, mtoto wa mhunzi, alipita barazani akienda kisimani. "Shikamoo, Jumbe," akasema. Jumbe alikuwa akieleza jambo kuhusu mikuki. Aliinua usinga tu, kama mtu anayefukuza nzi. Mkunde akaenda kisimani, na Zimwi alikuwa njiani akimngoja.

Siku nyingine akapita Tunu, mdogo kabisa, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito. "Chikamoo, Dumbe," akasema. Wanaume wakacheka, na Jumbe akacheka nao. Lakini kucheka si kuitika. Tunu akarudi kwao kwa njia ya nyuma, na Zimwi alikuwa njiani akimngoja.

Watu hawakujua kosa liko wapi. Wakadhani kosa ni salamu yenyewe. Basi ikapigwa mbiu: mtoto yeyote asimwamkie mtu mzima yeyote.

Hapo kijiji kikawa kama nyumba yenye msiba. Wazee walipita, watoto wakainamisha macho. Bibi mmoja alipitwa na wajukuu zake kimya kimya, akakaa chini barabarani akalia.

Na Mwanjaa akasema kisimani, mbele ya wanawake, "Chande wangu hajawahi kumwamkia hata baba yake, na yupo nyumbani anakula viazi. Adabu nyingi nazo ni mzigo, shoga zangu."

Alisema hivyo kisha akamwona Mwanamtama amesimama pale. Jioni akaja na mtungi wa maji uliojaa, akauweka mlangoni kwa Mwanamtama, akaondoka. Kesho yake akaleta mwingine. Kesho kutwa akaleta mwingine.

Basi Jumbe akapeleka mikuki. Wanaume wakapanda hadi nusu ya kilima. Zimwi akatoka, na watoto watatu mbele yake kama ngao. Nani atarusha mkuki? Wanaume wakaishusha mikuki yao.

"Rudini mkapumzike," Zimwi akasema. "Mtama bado."

Jumbe akapeleka mbuzi, wale wanono wa sherehe, ili Zimwi abadilishe. Zimwi akawapokea mbuzi, wala hakumtoa mtoto hata mmoja.

"Kitoweo kimeongezeka," Zimwi akasema. "Mtama bado."

Jumbe akampeleka Manju Kitojo akamwimbie Zimwi mpaka alale. Manju alifika chini ya kilima, akasikia jiwe likijaribiwa kusaga huko juu, akarudi.

"Koo limenikauka," akasema.

Na sauti ikamfuata kutoka kilimani, "Mtama unakaribia."

Kila asubuhi wanawake walitoka nje wakatazama kilimani, kwa kuwa shamba la Zimwi lilionekana kutoka kijijini. Mtama ulikuwa kijani. Kisha ukatoa masuke. Kisha masuke yakaanza kuwa mekundu. Utauambiaje mtama usikomae? Walisimama tu, mikono kifuani, wakatazama.

Siku moja Mwanamtama hakuweza tena kutazama kwa mbali. Akaenda mpaka chini ya majabali, mchana, akaita, "Kibibi. Mwanangu Kibibi."

Kibibi akatokea nyuma ya Zimwi, mzigo wa kuni kichwani. Amri ya mbiu hakuijua, maana alikuwa kilimani. Akasema, kama alivyosema kila asubuhi ya maisha yake, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Ndipo mguu wa kulia wa Kibibi ukanyanyuka, ukapiga hatua moja kuelekea kwa mama yake. Hatua moja tu, kisha ukanasa tena.

Mwanamtama akaona. Zimwi naye akaona, akacheka.

"Hiyo ya leo ilikuwa yako, umeitika, imekwisha. Ninayoishika mimi ni ile ya siku ile. Na ile haikuwa yako wewe."

"Ilikuwa ya nani?"

Zimwi akafunga mdomo wake mrefu. Alijua amesema kupita kiasi. Lakini Kibibi akasema, "Ilikuwa ya Jumbe, mama. Nilimwamkia mara tatu."

Mwanamtama akarudi kijijini mbio. Akamkuta Jumbe barazani, peke yake, maana wanaume walikuwa wameanza kuchoka mashauri.

"Shikamoo, Jumbe."

Jumbe akainua usinga.

"Hapana, Jumbe. Niitikie."

Jumbe akamtazama. "Marahaba, Mwanamtama. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Jumbe akaweka usinga chini.

"Kibibi aliniamkia?"

"Mara tatu."

"Sikusikia."

"Ulikuwa na tonge, Jumbe. Na wimbo ulikuwa wako."

"Na Mkunde?"

"Uliinua usinga."

"Na yule mdogo?"

"Ulicheka."

Jumbe akaitazama miguu yake. "Mwanamtama, shikamoo maana yake nini?"

"Wazee walitufunza kwamba ni kusema, nashika miguu yako."

"Na mtu aliyeshikwa miguu?"

"Hawezi kukimbia."

"Basi ndiyo maana Zimwi haitiki," Jumbe akasema polepole. "Anazichukua salamu za watu na hataki kushikwa. Nikienda pale nikaitika, watoto watanishika mimi, watamwacha yeye. Nami nitakuwa nimesimama mbele yake na miguu imeshikwa."

Mwanamtama angesema nini? Akisema nenda, anamtuma mtu kwenye meno. Akisema usiende, mwanawe analiwa. Moyo wake ulikuwa mmoja na ulitaka wote wawili wapone.

"Naogopa," Jumbe akasema.

"Najua, Jumbe."

"Yule chui alikuwa mtegoni."

"Tunajua. Kijiji kizima kinajua."

Jumbe akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mwanamtama akaenda nyumbani akakoroga uji, akautia ndimu kama Jumbe alivyoupenda, akamletea. Jumbe akaunywa wote, akamrudishia bakuli kwa mikono miwili. Kisha akavua kilemba, akakiweka juu ya kiti.

Akaenda kwa wanaume. "Nani atanisindikiza?"

Mmoja akasema mkewe anakaribia kujifungua. Mwingine akasema goti. Mwingine akatazama juu kama anayetafuta mvua. Manju Kitojo akashika koo lake.

"Haya," Jumbe akasema. "Bakini salama."

Hakuwatukana. Mwanamtama peke yake ndiye aliyemsindikiza, hadi chini ya majabali. Pale Jumbe akamwambia, "Wewe ngoja hapa. Watoto wakishuka wamwone mtu wanayemjua."

Akapanda.

Huko juu masuke yalikuwa mekundu kama damu ya mbuzi, na mengine yalikwisha kukatwa. Zimwi alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe, anasaga, anaimba:

*Saga, jiwe langu, saga,*
*Mtama umekomaa,*
*Kitoweo kiko tele,*
*Ulikosekana ugali.*

Watoto watatu walikuwa wamesimama kando wakimtazama.

"Shekue," Zimwi akasema, bila kuacha kusaga. "Umeleta mikuki?"

"Sikuleta."

"Umeleta mbuzi?"

"Sikuleta."

"Umeleta nini?"

"Nimeleta miguu yangu."

Jumbe akasimama mbele ya watoto. "Kibibi, siku ile uliniamkia nami sikuitika. Niamkie tena."

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu."

Miguu ya Kibibi ikafunguka. Miguu ya Jumbe ikazama mwambani mpaka kwenye vifundo, kama mtu aliyekanyaga tope.

Zimwi akaacha kusaga.

"Mkunde, niamkie tena."

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, mwanangu."

Miguu ya Mkunde ikafunguka. Miguu ya Jumbe ikazama mpaka nusu ya muundi.

Zimwi akainuka. "Wawili nimekuachia. Sasa kimbia, Shekue. Bado unaweza kujing'oa. Yule wa mwisho ni mdogo, hata hatanishibisha. Na wimbo wako utakuwa mzuri, watoto wawili umewaokoa. Nani atakuuliza wa tatu?"

Na kweli, wanangu, Jumbe alitazama nyuma. Njia ilikuwa wazi. Alitazama nyuma, tena alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia yule mdogo.

"Tunu, niamkie tena."

Tunu akamtazama Jumbe, akamtazama Zimwi. "Chikamoo, Dumbe."

"Hiyo si salamu," Zimwi akanguruma. "Hiyo haikutamkwa."

"Mimi nimeisikia," Jumbe akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

Miguu ya Tunu ikafunguka. Miguu ya Jumbe ikazama mpaka magotini, na mwamba ukafunga.

"Kibibi, mbebe mdogo wako. Mkunde, tangulia. Mama yuko chini. Msitazame nyuma."

Watoto wakashuka. Mwanamtama akawapokea wote watatu, wa kwake na wasio wa kwake, akawafunika kwa kanga yake. Huko juu akasikia jiwe likisaga tena. Likasaga, likasaga. Kisha likanyamaza.

Alitaka kupanda. Alinyanyua mguu mmoja. Lakini watoto watatu walikuwa wameshika nguo yake, na Tunu alikuwa analia, na yeye mwenyewe hakuwa na silaha. Akaurudisha mguu chini. Kisha akashuka nao kijijini, akilia njia nzima.

Hakuna aliyekwenda kumwokoa Jumbe. Mikuki ilikuwepo, wanaume walikuwepo. Kila nikifika hapa natamani kuwaambia kwamba alitokea mtu. Hakutokea mtu.

Kesho yake, jua lilipokuwa limepanda, wanaume wakaenda kwa pamoja. Wakakuta jiwe la kusagia. Wakakuta jivu la moto. Zimwi hakuwepo. Alikwenda, wakasema, kutafuta kijiji kingine chenye salamu zisizoitikiwa. Na mwambani wakakuta matundu mawili ya miguu, yamezama hadi kimo cha magoti. Vidole vilikuwa vimeelekea lilipokuwa jiwe la Zimwi. Visigino vilikuwa vimeelekea kijijini.

Jumbe mwenyewe hawakumwona. Tunu aliuliza kama Zimwi alimla. Mama yake alimpakata tu.

Basi Manju Kitojo akachukua ngoma yake ili amtungie marehemu wimbo. Akamwuliza Mwanamtama, "Wewe ulikuwepo. Alimchoma Zimwi kwa kitu gani?"

"Hakumchoma."

"Alimshinda kwa hila gani?"

"Hakumshinda."

"Sasa niimbe nini? Alifanya nini hasa?"

"Aliitika," Mwanamtama akasema.

Manju akakaa na ngoma mapajani. Akajaribu kupiga, akaacha. Akajaribu tena, akaacha. Mwisho akaiweka ngoma chini akaenda kisimani, akajaza mtungi, akampelekea mama yake Tunu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia na aitike.

Kiongozi haitwi shujaa kwa sababu ya mikuki yake wala kwa wimbo aliotungiwa. Watu wote wanamshika miguu. Shujaa ni yule ambaye, siku ya meno, hakimbii, na anamsikia hata mdogo asiyeweza kutamka.

Na mpaka leo, pale Mitondooni, mtoto akimwamkia Jumbe wakati anakula, Jumbe huweka tonge chini kwanza.